Kueleza Uhitaji ni Kutoa Ushahidi



Kila mwaka, matokeo ya kidato cha sita yanapotangazwa mwezi Julai, ofisi za parokia, za vijiji na za mitaa hujaa vijana wenye karatasi mikononi. Wanatafuta saini na mhuri, na zaidi ya hayo wanatafuta maneno. Fomu inawataka waeleze kwa nini familia zao haziwezi kulipa gharama za chuo, na wengi hawajui waanzie wapi. Baadhi yao huona haya wakaandika mistari miwili tu. Baadhi huandika maombolezo. Wengine, tena si wachache, huandika uongo kwa sababu wameambiwa kwamba ukweli hautoshi. Tumeona ni wajibu wetu kulizungumza jambo hili kinaganaga katika toleo hili, kwa maana linagusa haki za watu wawili kwa mpigo: kijana anayeomba, na kijana mwingine asiyemjua, ambaye fungu lake litapungua endapo yule wa kwanza atasema yasiyo kweli.

Tukumbuke kwanza jinsi tulivyofika hapa. Wazee wetu waliosoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam katika miaka ya 1970 hawakuandika barua za namna hii. Serikali iliwalipia, nao walikuwa wachache mno. Mapema katika miaka ya 1990 ikaja sera ya kuchangia gharama. Kisha Bunge likatunga Sheria Na. 9 ya mwaka 2004 iliyounda Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, na Bodi hiyo ikaanza kazi Julai 2005. Tangu hapo haikutosha kijana kuulizwa kama amefaulu. Akaulizwa pia kama ni mhitaji. Ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne ilifutwa katika shule za serikali kuanzia Januari 2016, na ile ya kidato cha tano na cha sita ikafuata katika mwaka wa fedha 2022/23. Ni jambo la kushukuru. Hata hivyo, matokeo yake mojawapo ni kwamba familia nyingi hukutana na ada kubwa kwa mara ya kwanza kabisa mlangoni pa chuo, tena kwa mkupuo mmoja.

Katiba ya Jamhuri ya Muungano, katika ibara yake ya 11, inaitaka Serikali ifanye jitihada ili watu wote wapate fursa sawa na za kutosha za elimu katika ngazi zote. Kwa hiyo kijana anayeeleza uhitaji wake mbele ya Bodi, au mbele ya mfuko wowote uliowekwa kwa ajili ya wahitaji, haendi kubisha hodi kwenye nyumba ya tajiri ili arushiwe sarafu. Anakwenda kutoa ushahidi juu ya hali ya nyumbani kwake, ili waliokabidhiwa fedha ile wajue kama yumo miongoni mwa wale waliokusudiwa. Shahidi hapigi magoti, wala hatii chumvi. Husema alichokiona na akijuacho.

Sasa tuitazame barua yenyewe. Waliowahi kukaa katika kamati za ufadhili za parokia wanaijua vizuri, kwa kuwa hufika nyingi zinazofanana kama mapacha. Mwombaji anajitambulisha kuwa ni mtoto wa familia duni, wazazi wake ni wakulima wa jembe la mkono, maisha ni magumu, naye anaomba afikiriwe kwa jicho la huruma, na Mungu atawazidishia wafadhili mara dufu. Hakuna neno la uongo humo. Lakini kamati yenye nafasi kumi na barua mia moja za aina hiyo haina namna ya kumtofautisha mmoja na mwingine, na hapo ndipo mlango unapofunguka kwa kujuana, kwa ukoo na kwa mwandiko mzuri. Barua isiyo na habari humwacha mnyonge mikononi mwa upendeleo. Hilo ndilo linalotuhuzunisha.

Uhitaji, kwa maana tunayoizungumzia hapa, ni pengo baina ya gharama za masomo na kile ambacho familia inaweza kutoa bila kuwanyima chakula, dawa au shule wengine waliomo nyumbani. Pengo hupimwa kwa hesabu. Tuchukue mfano wa kubuni, wa mama mjane wa mkoa wa Kagera, mwenye shamba la kahawa na biashara ya maandazi, ambaye binti yake amepata nafasi chuoni Dodoma. Tuseme ada ni shilingi 1,300,000 kwa mwaka, malazi 300,000, chakula shilingi 6,000 kwa siku kwa siku 240, yaani 1,440,000, vitabu na kuchapisha kazi 200,000, nauli za kwenda na kurudi 160,000, na bima ya afya 50,400. Jumla ni shilingi 3,450,400.

Upande wa pili, tuseme kahawa ilimpatia mama 1,200,000 katika msimu mmoja, na maandazi humpa faida ya 4,000 kwa siku, siku 25 za mwezi, yaani 1,200,000 kwa mwaka. Mtu mwenye haraka ataona hapo 2,400,000 na kusema mama huyu ana uwezo. Lakini palizi na pembejeo zilichukua 300,000. Chakula cha kununua, sabuni, mafuta na mengineyo ya nyumbani vilichukua 1,100,000. Wadogo wawili walio shuleni wanahitaji sare, madaftari na michango, 350,000. Bibi anatumia dawa za shinikizo la damu, 180,000. Na VICOBA kinadai 200,000, deni lililotokana na msiba. Zimebaki 270,000. Mjomba ameahidi 200,000 na ameandika kwa mkono wake. Familia basi inaweza kutoa 470,000, na pengo ni shilingi 2,980,400.

Ukurasa mmoja wa hesabu kama hii una nguvu kuliko kurasa tano za kulia. Tena unamsaidia mwenyewe mwombaji. Tumewahi kusikia wazazi wakisema kwamba walipoketi na watoto wao kupiga hesabu hizi, ndipo kwa mara ya kwanza watoto walipojua nyumba yao inaishije. Na baba aliyezoea kujibu "hakuna pesa" kwa kila ombi akalazimika kueleza pesa iliyopo inakwenda wapi. Katika nyumba nyingine, tusifichane, inakwenda kilabuni, na hesabu hiyo nayo ni vema ionekane.

Watu huuliza: mkulima asiye na hati ya mshahara atathibitishaje kipato chake? Ushahidi upo zaidi ya tunavyodhani. Mwenye kahawa au korosho aliyeuza kupitia chama cha msingi ana stakabadhi ya mauzo. Mwenye kaya iliyomo katika Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini wa TASAF ana kumbukumbu zake, na Bodi ya Mikopo huizingatia hali hiyo, kama inavyozingatia uyatima na ulemavu. Daftari la VICOBA linaonesha hisa na deni. Kadi ya kliniki inaonesha ugonjwa wa muda mrefu. Vyeti vya kuzaliwa na vya vifo huhakikiwa na RITA, na kazi hiyo yafaa kuanza mapema, wala kijana asingoje hadi dirisha la maombi limefunguliwa. Herufi moja ya jina la baba ikitofautiana baina ya cheti cha kuzaliwa na cheti cha kidato cha nne, yaweza kugharimu wiki nzima za kuhangaika. Makatekista wanaotunza vitabu vya ubatizo wanaelewa tunachokisema.

Lipo pia suala la nyumba ya bati. Vijana wengi huficha kwamba kwao kuna nyumba ya matofali, au kwamba mama ni mwalimu, wakihofia kuonekana matajiri. Ni kosa, kwanza kwa kuwa ni uongo, na pili kwa kuwa siku itakapogunduliwa hakuna kingine alichoandika kitakachoaminiwa. Aeleze. Nyumba ilijengwa mwaka gani, na nani, na tangu hapo kumetokea nini? Paa lililoezekwa baba alipokuwa hai halilipi ada leo. Mshahara wa mwalimu unaonekana mkubwa katika mstari wa juu wa hati, lakini mstari wa chini, baada ya makato ya mkopo na mengineyo, husema habari nyingine, na watoto wanne walio shuleni kwa wakati mmoja husema nyingine tena. Mwenye kipato cha kati aliyeelemewa ana haki ya kusikilizwa, mradi aoneshe mzigo wake wazi wazi na asijipange mstari mmoja na yule asiye na kitu kabisa.

Tunalofika sasa ndilo zito kuliko yote katika mambo haya, nasi tutakaa nalo kidogo. Mtoto aliyefiwa na baba ana cheti cha kifo, na cheti hicho husomeka mahali popote. Lakini katika jumuiya zetu wapo watoto ambao baba yao yu hai, anajulikana anakoishi, ana familia nyingine mjini, wala hajatuma hata daftari moja kwa miaka kumi na miwili. Cheti cha kuzaliwa kina jina lake. Fomu inauliza kazi ya baba, na pengine kazi hiyo ni nzuri. Mbele ya karatasi, kijana huyu ana wazazi wawili. Nyumbani ana mama mmoja anayeuza samaki wa kukaanga. Hapo ndipo kishawishi cha kununua cheti cha kifo cha mtu aliye hai kinapozaliwa, na tusijifanye hatujawahi kusikia habari hizo.

Afanye nini basi? Aseme kweli hiyo kama ilivyo, kwa maneno machache yasiyo na matusi: baba aliondoka mwaka fulani, msaada wake wa mwisho ulikuwa fulani, mama alipeleka shauri kwa mtendaji au kwa afisa ustawi wa jamii tarehe fulani, na majibu yalikuwa haya. Kisha aambatanishe barua ya afisa huyo. Kama mama hakuwahi kulalamika popote, na wengi hawakulalamika kwa kuona aibu au kwa kuogopa ukoo wa mume, basi neno la jirani zake ndilo linalobaki kuwa ushahidi. Na jirani zake ni nani kama si sisi? Jumuiya ndogondogo inakutana kila wiki katika nyumba zile zile. Inajua nani analala na njaa na nani amesafiri. Maarifa hayo ni mali ya mnyonge, na yatupasa kuyaweka katika maandishi anapoyahitaji.

Ndugu zetu viongozi wa walei, hapa tunawageukia ninyi. Mnaombwa barua za utambulisho kila msimu. Barua isemayo tu "namfahamu kijana huyu tangu utoto, ni mwadilifu na mhitaji, naomba asaidiwe" haijasaidia kitu, hasa ikiwa barua hiyo hiyo wamepewa vijana thelathini kwa kubadilisha jina. Nendeni nyumbani kwake. Andikeni mlichokiona na siku mliyokiona: idadi ya wanaokula hapo, kazi ya mlezi, ugonjwa uliopo, shamba kama lipo. Na pale mnapoona kwamba familia ina uwezo, mwe na ujasiri wa kukataa kusaini, hata kama baba wa kijana ndiye mfadhili mkubwa wa harambee ya kanisa. Tunajua ugumu wake. Tunajua kwamba anayekataa ataitwa mwenye wivu, na pengine atasalimiwa kwa shingo upande kwa miaka miwili. Lakini amri ya nane inayokataza ushahidi wa uongo haikutenga saini za barua za ufadhili. Fungu moja likienda kwa mwenye uwezo, limetoka mkononi mwa mtu fulani mwenye jina, ingawa hatumwoni.

Kuhusu malipo ya mhuri tuseme bila kuzunguka. Kiongozi wa mtaa au wa kanisa anayedai "ya soda" ili ashuhudie umaskini wa mtu anamtoza maskini kodi juu ya umaskini wake. Na mbaya zaidi ni yule anayemwambia binti arudi jioni, peke yake, kuchukua barua. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, katika kifungu cha 25, inaitambua rushwa ya ngono kuwa ni kosa la jinai. Wazazi wasiwaachie mabinti wao wazungukie ofisi hizi peke yao, na binti aliyedaiwa hivyo apelekwe TAKUKURU akiwa na mtu mzima anayemwamini. Jambo hili lisimalizwe kimya kimya kwa kikao cha wazee.

Wahenga walituachia neno kwamba mficha uchi hazai, na wengi hulitumia kuwahimiza vijana waseme kila kitu. Tunalikubali, ila kwa kiasi. Kamati inahitaji kujua kwamba mlezi ni mgonjwa na hawezi kufanya kazi. Si lazima ijue ni ugonjwa gani. Inahitaji kujua kwamba baba hayupo. Haihitaji kujua siri za ndoa. Mwombaji achague kiasi kinachotosha kuthibitisha pengo, na zaidi ya hapo abaki na heshima yake. Nasi tunaopokea barua hizo tuna wajibu wa kuzifungia kabatini. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, kutunza siri za watu si suala la adabu peke yake. Kusoma majina ya "watoto maskini waliosaidiwa" mbele ya madhabahu, au kuwapanga mstari wapigwe picha na hundi ya maboksi, ni kumlipisha kijana kwa aibu kile alichopewa kwa haki.

Wapo wanaosema kwamba maelezo haya yote yatakoma siku kompyuta itakapopima uhitaji yenyewe. Jirani zetu wa Kenya walianza mwaka 2023 mpango mpya wa kugharimia vyuo vikuu, ambamo wanafunzi walipangwa katika makundi kwa chombo cha kupima uwezo wa kaya, kikitazama mambo kama ukubwa wa familia, hali ya wazazi na ulemavu. Kufikia mwaka 2024 malalamiko yalikuwa mengi, ya watoto wa familia duni waliojikuta katika kundi la wenye uwezo, hata Rais akaunda kamati ya kuupitia upya mpango huo. Chombo hupima kile kilichoandikwa ndani yake. Kama kijana hajui kuandika hali yake, au hakuna aliyemsaidia kuieleza, kitampima vibaya kwa usahihi kabisa.

Yabaki machache ya kutenda. Fedha ya Bodi ni mkopo. Tangu marekebisho ya mwaka 2016 mnufaika aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake, ingawa tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya fedha, iliyolalamikiwa kwa miaka mingi, ilifutwa mwaka 2021. Kijana aombe kiasi cha pengo lake, asiombe zaidi kwa kuwa tu wenzake wameomba. Akinyimwa, au akipewa pungufu, asikate tamaa kabla ya kusoma sababu aliyopewa, kwa maana Bodi hufungua dirisha la rufaa na mara nyingi kinachokosekana ni kielelezo kimoja. Rufaa isirudie maneno yale yale kwa sauti kubwa zaidi. Ilete kile ambacho mara ya kwanza hakikuonekana. Kwa ajili hiyo nakala ya kila karatasi ibaki nyumbani.

Kwa parokia zenye mfuko wa elimu, tunashauri fomu zake zidai hesabu ya pande mbili kama tulivyoonesha hapo juu, na kamati iwe na angalau mama mmoja na kijana mmoja ambaye ameshapita njia hiyo. Mjumbe ambaye ndugu yake ameomba atoke nje wakati jina hilo linajadiliwa, na jambo hilo liandikwe katika muhtasari wa kikao. Jumuiya zitakazopenda kuwakutanisha vijana na wazazi wao kwa mchana mmoja wa kupiga hesabu hizi pamoja, kalamu mkononi, zifanye hivyo kabla ya mwezi Juni, vijana wangali na nafasi ya kufuatilia vyeti vyao.